Kiti cha Mama Nyuma ya Pikapu

Miaka yote ya vita watu walituambia tuuze gari. Majirani walisema, ndugu zetu waliobaki Uganda walipiga simu wakasema, hata fundi alisema huku mikono yake imezama ndani ya injini yetu. Wote walikuwa na hoja moja: pikapu kubwa namna ile ni kuwaita wanajeshi nyumbani kwako. Mwenye nguvu mpishe, walisema. Mimi niliwaitikia kwa adabu, halafu nikaenda kuliosha.

Sikuwa mjinga. Nilijua pikapu zilikuwa zinakwenda wapi. Leo unaiona ya jirani imebeba mkaa, kesho kutwa unaiona imepakwa matope mwili mzima, bunduki kubwa imefungwa nyuma, na vijana wamening'inia pembeni. Mwenyewe ukimuuliza anakwambia serikali imeiazima. Serikali ya kwetu ikiazima, huulizi lini inarudisha. Lakini nilikuwa nimezaliwa mkimbizi, nikasoma mkimbizi, nikaolewa mkimbizi, na niliporudi Juba niliapa kwamba kukimbia nimemaliza. Na kama sitakimbia mimi, gari langu nalo halitakimbia.

Lilikuwa gari la Kimarekani, usukani kushoto, refu mpaka ilibidi tusogeze ua wa matete wa nyumba yetu ya Kator ili lango lifungike. Mume wangu, ambaye ni mjenzi, alilinunua kwa wageni waliokuwa wanafunga ofisi yao na kuondoka baada ya risasi za kwanza. Yeye alifikiria saruji na nondo. Mimi nililitazama bodi lile la nyuma, pana kama chumba, nikasema hili ni gari la familia. Alicheka. Hakucheka muda mrefu.

Basi lilitupeleka shule, lilitupeleka kanisani, lilileta maji na mapipa yake, lilileta vitunguu vyangu kutoka Sherikat ng'ambo ya daraja, mahali ambapo malori ya Uganda hushusha mzigo. Watoto wetu wanne walikaa nyuma juu ya magodoro, na mvua ikija tuliwafunika turubai wakawa wanapiga kelele chini yake. Jirani akifiwa, gari ni letu. Binti wa mtaani akishikwa na uchungu, gari ni letu. Lilikunywa petroli kama mlevi siku ya mshahara, na petroli ikiadimika tulitembea kwa miguu tukilipita limesimama uani limenuna. Hata hivyo nililipenda, na sioni kwa nini nijitetee.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mbele lilikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu, basi. Na nyumbani tulikuwa tunaishi na mama yangu.

Kwetu mwanamume hakai karibu na mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, hamsemeshi mdomo kwa mdomo. Wakikutana njiani mmoja hupinda. Mama naye akisikia sauti ya mkwe wake hujifunika kichwa kitambaa na kumpa mgongo. Si chuki. Ni heshima, na sisi tunaiita haya. Mume wangu na mama yangu waliishi ua mmoja miaka mingi kwa haya hiyo, kila mmoja na mlango wake, na maneno yao yote yalipita kwangu. Mwambie mama paa lake nitalitengeneza kesho. Mwambie baba ya watoto kesho iko Jumapili. Nilikuwa redio yao.

Sasa mama huyo utamweka wapi ndani ya gari? Nilimwambia akae mlangoni, mimi nikae katikati. Alilitazama lile gari mbele, akatingisha kichwa.

"Hii ni chumba moja," alisema. "Mimi haiwezi kukaa chumba moja na yeye."

Mume wangu akatafuta mtu wa kuchomelea vyuma, wakamtengenezea kiti. Kiti cha chuma chenye mikono miwili, kimechomelewa kabisa kwenye sakafu ya bodi, mgongo wake umeegemea kabini. Kilitazama nyuma, kwa sababu kikitazama mbele mama angekuwa anaangalia kisogo cha mkwe wake kupitia kioo. Nilikishonea mto wa kitenge. Mama alipanda kwa ngazi ya mbao, akakaa, akashika fimbo yake, na tangu siku hiyo kikawa kiti chake. Akigonga kabini mara moja, twende. Mara mbili, simama. Mume wangu alitii fimbo ile kuliko polisi wa barabarani.

Watu wasiojua walitutukana. Pale darajani kulikuwa na muuza chai ambaye kila tukipita alisimama na birika lake mkononi. "Nyinyi mnabeba haboba nyuma kama gunia? Kijana kama wewe unakaa mbele, bibi anakula vumbi?" Aliyekuwa akitukanwa ni mimi. Mama alimjibu kutoka juu ya kiti chake bila kugeuza shingo: "Wewe uza chai."

Haya hiyo ina dawa yake, na kila mtu wa kwetu anaijua. Mkwe analeta mbuzi. Mbuzi anachinjwa, mama na mkwe wanakula sahani moja, na kutoka hapo wanaweza kutazamana na kuongea kama watu wengine. Mume wangu alijitolea kuleta mbuzi huyo mara nyingi, maana ilimuuma kumwona mkongwe anarushwa na mashimo ya barabara. Mama alikataa kila mara.

"Nikikula mbuzi yake, nitamwona," aliniambia. "Nikimwona nitaanza kumsema. Wacha tukae na amani."

Mapigano ya pili yalipopita, Juba ilibaki nusu. Nyumba za kulia na kushoto kwetu zilifungwa kwa minyororo, wenyewe wameshavuka mpaka. Wanaotaka magari wakazidi, na wenye magari wakapungua. Ndipo yule ofisa alipoliona letu.

Nasema aliliona, kwa sababu mume wangu alimwona akiliona. Alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha barabara karibu na daraja, mtu mkubwa kutoka Bilpam, makao makuu ya jeshi, na gari letu lilipopita alilifuata kwa macho kuanzia taa za mbele mpaka bamba la nyuma. Siku chache baadaye, asubuhi, watoto wakiwa shule, alisukuma lango letu la mabati akaingia na askari watatu.

Mimi nilikuwa nachagua vitunguu, vizuri huku, vilivyooza kule. Mume wangu alikuwa chini ya gari anakaza kitu. Mama alikuwa juu ya kiti chake nyuma ya pikapu, kama kawaida yake hata gari likiwa limesimama, kwa sababu alisema pale juu kuna upepo. Alikuwa anabangua karanga.

Ofisa hakutusalimu. Alipiga teke tairi.

"Hii gari tunachukua," alisema, kwa Kiswahili alichookota kambini Kenya zamani. "Iko kazi ya serikali. Kesho kutwa mtarudishiwa. Funguo iko wapi?"

Mume wangu alitoka chini ya gari na mikono yake myeusi. Alimwambia gari ni la familia, lina watoto, lina mama mzee. Alisema kwa upole, kama mtu anavyoongea na mbwa asiyemjua. Ofisa alicheka. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyemeza mchanga zamani na haujashuka.

"Familia inapanda raksha," alisema, maana yake bajaji.

Nilihisi hasira mpaka meno yaliuma. Nilisimama na kisu changu cha vitunguu bila kujua nimekishika, na askari mmoja akakitazama. Sijui ningefanya nini. Pengine ningefanya upuuzi na leo nisingekuwa naandika.

Lakini juu ya gari karanga ziliacha kuanguka kwenye sinia. Mama alikuwa ametega sikio. Aliweka sinia chini, taratibu, akachukua kitambaa cha mabegani akajifunika kichwa chote, akageuka kwenye kiti chake mpaka mgongo wake ukawa kwa ofisa. Kisha akatulia.

Mtu wa mahali pengine angeona bibi mwoga. Ofisa aliona kitu kingine, nami nilimwona akikiona. Mdomo wake ulibaki wazi. Watu wake na watu wetu walikuwa hawakubaliani juu ya mambo mengi miaka ile, na baadhi ya mambo hayo yalimwaga damu. Juu ya mama mkwe walikubaliana neno kwa neno.

"Huyu mama ni nani?" aliniuliza, na sauti ilikuwa imepungua.

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Mama mdogo wangu, yaani mdogo wake mama, ana binti aliyeolewa na mwanajeshi wakati wa amani ile fupi. Mimi sikuwepo kwenye harusi, nilikuwa nimetoka kujifungua. Mama alikuwepo. Alikaa upande wa pili wa ua wa matete pamoja na dada yake, vichwa vimefunikwa, bwana harusi akawasalimia kutoka nje kwa heshima zote. Na kwetu dada wa mama mkwe ni mama mkwe, hakuna mkubwa wala mdogo. Hivyo mama hakuwahi kumwona sura yule mtu, wala yeye hakuwahi kumwona mama. Alimjua kwa sauti tu. Mkwe wake alikuwa amekuja kumwibia kwa sababu alimheshimu mno hata hakumjua.

Nilimtajia ofisa jina la mke wake. Nilimtajia jina la mama wa mke wake. Halafu nikanyoosha kisu cha vitunguu kuelekea juu ya gari, nikasema, "Huyu ndiye mkubwa wake. Tumbo moja, baba mmoja."

Askari mmoja, kijana asiyejali, alikuwa tayari ameshika kibati cha nyuma ili apande amshushe. Ofisa alimkaripia kwa lugha yao na yule akakiachia kama kimemchoma. Kumwekea mkono mama mkwe wako, au kumtuma mtu amwekee, ni jambo ambalo kwetu litaimbwa na watoto wako watakua wakilisikia.

Ofisa mwenyewe alikuwa amegeuka. Alikuwa anaongea akitazama ua wa matete.

"Mwambie mama ashuke," aliniambia. "Mwambie naomba."

Nikawa redio tena. Nilimfikishia mama neno lile, ingawa wote tulikuwa hatua chache na masikio tunayo. Mama alijibu chini ya kitambaa chake, pole pole, ili lisinipotee neno.

"Mwambie mtoto wangu mimi iko nyumbani kwangu. Hii ni nyumba. Iko na matairi, lakini nyumba."

 Ofisa akaondoka na watu wake, na langoni alisema atarudi. Mume wangu alikaa chini palepale vumbini. Mimi nilianza kucheka nikashindwa kuacha, mpaka mama akaniambia nimalizie vitunguu.

Kuanzia hapo gari halikutoka bila yeye. Likienda Sherikat, mama yuko kitini. Likienda kuchota maji, mama yuko kitini, kafunika kichwa tayari. Usiku alilala ndani ya bodi chini ya turubai na nikalala naye, kwa sababu alikataa kushuka na mimi nilikataa kumwacha. Vizuizi vya barabarani alivijua vyote. Habari ilikuwa imetutangulia, sijui nani aliitangaza, na askari wakiona kiti kile walicheka wakatupungia mkono. Majirani wachache waliobaki walisema tunamtumia mama kama kufuli. Mama alisema yeye ni kufuli ya zamani, funguo yake ilipotea.

Ofisa alirudi kweli. Alirudi Jumapili mchana, tukiwa tumetoka kanisani, bila sare. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na nyuma yake alikuja mzee wa ukoo wao aliyeshika kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbuzi.

Ninawaambia ukweli, alikuwa mbuzi mzuri. Mnene, mweusi, manyoya yanang'aa. Wakati ule sisi tulikuwa hatujui tena nyama. Ilikuwa ni maharage, na maharage yakiisha ni kudra, yaani mlenda, bila karanga. Watoto wangu walitoka ndani wakasimama mstari.  Mdogo alimeza mate na sote tukasikia.

Nilielewa mara moja, na damu ilinichemka upya. Alikuwa amefikiria vizuri, yule bwana. Mama akipokea mbuzi, haya imekwisha. Watakula sahani moja, watatazamana, na kesho yake mkwe anaweza kupanda juu ya gari, kumshika mama yake mkono na kumsaidia kushuka, kwa heshima zote. Alikuwa ametafuta mlango ndani ya mila zetu wenyewe.

Mzee wao alizungumza vizuri sana. Alisema mkwe ameona aibu kwa siku ile, anataka kuwa mtoto wa nyumba. Mume wangu hakuweza kusema kitu, maana yeye naye ni mkwe, na mkwe hamwingilii mkwe mwenzake. Nilisogea karibu na gari. Mama alikuwa amejifunika. Nilimwona mkono wake unapapasa fimbo, na nikajua alikuwa amesikia harufu ya mbuzi na kumeza kwa mtoto, vyote viwili.

"Mwambie mbuzi yake mzuri," alisema. "Mimi nashukuru. Arudi nayo. Mwambie haya yangu bado iko."  Nilidhani amemaliza. "Na yake pia asiache iishe."

Nililisema lile kwa sauti, uwanja mzima ukasikia, na nililirudia ingawa hakuna aliyeniomba. Mzee wao aliinamisha kichwa. Ofisa, akiwa amegeukia ua, alisugua shingo yake kama mtoto aliyepigwa. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kumlazimisha mama mkwe kula mbuzi. Waliondoka na mnyama wao, naye mbuzi akalia njia nzima mpaka barabara kubwa. Tulikula maharage. Mama alimpa mdogo sehemu yake. Ofisa hakuja tena, wala hakumtuma mtu.

Gari lilimaliza vita likiwa na rangi yake. Kwa hili najivuna, na nitaendelea kujivuna mpaka nichoshe watu.

Mama ndiye aliyechoka. Vumbi la miaka yote liliingia kifuani likakaa. Msimu mmoja wa mvua alianza kukohoa bila kupumzika, miguu ikavimba, na daktari akasema aletwe hospitali. Barabara ilikuwa mashimo yaliyojaa maji. Kumfunga kwenye kiti cha chuma, katika hali ile, hakuna aliyethubutu hata kulitaja. Nilikwenda chumbani kwake kumwambia nitatafuta raksha. Alinikatisha.

"Mwambie baba ya watoto," alisema, "alete ile mbuzi yake."

Nilitoka nikamwambia mume wangu, naye akanitazama kama sijasema lugha yoyote. Kisha akatoka mbio. Alirudi na mbuzi mdogo wa kahawia, mwembamba, ambaye sokoni hakuna mtu angemgeukia. Akamchinja mwenyewe. Nilichoma ini, nikaliweka kwenye sahani moja, nikalipeleka chumbani. Mama aliketi kitandani, akaondoa kitambaa kichwani. Mume wangu akaingia akiwa ameinama. Kila mmoja alichukua kipande. Mama alitafuna kidogo sana kwa sababu kumeza kulimuuma, lakini alimeza. Halafu akainua macho akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza, akamtazama muda mrefu.

"Umezeeka," alimwambia.

Mume wangu alilia. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, akamweka mbele, dirishani, akamfunga mkanda. Watoto wawili wadogo walibanana kando ya bibi yao, wakubwa wakabaki nyumbani. Mimi sikuwa na nafasi. Nilipanda ngazi ya mbao nikakaa kwenye kiti cha chuma, juu ya mto wangu mwenyewe wa kitenge, uso wangu nyuma.

Sikuwahi kukaa pale gari likitembea. Kiti kile kinarusha, kinachoma, moshi wote unakujia. Lakini unaona kila kitu ulichopita na kila mtu anayekufuata, kutoka mbali, kabla dereva hajajua. Miaka ile yote tulidhani tumemweka mama nyuma. Alikuwa analinda.

Hatujafika mbali nikasikia fimbo inagonga kabini kwa ndani, mara mbili. Gari likasimama. Niliruka chini, nikakanyaga maji mpaka dirishani, tayari kupokea neno nilipeleke upande wa pili, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Mama alikuwa amemgeukia mume wangu, fimbo imemwelekea, anamwambia kwamba anaendesha vibaya, kwamba mashimo yote ya Juba anayatafuta moja moja, kwamba kama angejua hivyo asingepanda gari hili hata siku moja. Mume wangu alikuwa anaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama, machozi na kicheko kwa pamoja.

"Mama, nimwambie nini?" niliuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeingiliwa.

"Rudi kwa kiti," alisema. "Mimi naongea na mtoto wangu."

Nikarudi kwenye kiti. Fimbo ikagonga mara moja, na gari likaondoka. Nilitazama nyuma njia nzima mpaka hospitali, na hakuna mtu aliyekuwa anatufuata.